Nyumba ya meneja na kambi iliyo chini yake

Ukitoka Muheza kwenda Segera, kabla hujafika Hale, macho yakizoea utaanza kuziona nyumba za mameneja wa mashamba ya mkonge. Kando ya barabara kuna mkonge, mahali pengine umenyooka kama umechanwa kwa kitana, mahali pengine umemezwa na vichaka ikabaki milingoti tu iliyochanua ikichungulia juu ya majani. Halafu, mbali kidogo, safu mbili za miembe zinapanda kilima, na mwisho wa miembe kuna paa lenye kutu. Hapo ni kwa meneja. Nyumba yenyewe huenda imekaa tupu miaka ishirini, lakini ukimuuliza mtoto wa kijijini njia atakwambia vilevile: pita kwa meneja, shika kushoto.

Mimi nimezaliwa chini ya kilima cha namna hiyo, upande wa kambi ya vibarua. Babu alikata mkonge, bibi aliuza maandazi siku za mshahara. Ndani ya nyumba ile sikuwahi kuingia hadi nilipokuwa mtu mzima, milango imeshang'olewa. Shamba silitaji jina. Mzozo wake bado una moto, na waliomo ni majirani zangu.

Mzozo wenyewe ni huu. Mabati ya upande mmoja wa paa yamekwenda, kuta zingali zimesimama. Kuna wanaotaka zibomolewe, mawe yakajenge msingi wa madarasa. Kuna wanaotaka nyumba ikarabatiwe iwe kivutio cha watalii, au nyumba ya wageni, au makumbusho ya mkonge. Inategemea umemkuta nani na siku gani. Vikao vimekaa, sauti zimepanda, watu wamenuniana msikitini na kilabuni, na hakuna lililoamuliwa. Nimewasikiliza wote. Tatizo langu ni kwamba kila anayesimama kusema namwona ana haki, mpaka asimame wa pili.

Tuanze na nyumba, maana wengi wanaoigombania hawajapata kuitazama.

Kwanza, imeinuliwa. Sakafu iko usawa wa kifua changu, na chini yake kuna matao ambamo upepo unapita. Hiyo haikuwa mbwembwe. Wazungu wa karne ya 19 waliamini kwamba homa inapanda kutoka kwenye ardhi yenye unyevu kama moshi. Neno malaria lenyewe, kwa Kiitaliano, ni hewa mbaya. Kwa hiyo walijenga juu ya kilima, na juu ya kilima wakapandisha tena sakafu. Mwaka 1897 daktari Mwingereza, Ronald Ross, alionyesha kwamba mkosaji ni mbu, lakini desturi ya ujenzi haikubadilika haraka, na haikuwa na haja ya kubadilika: kilimani kuna upepo, na mbu hapendi upepo. Walikosea sababu wakapata jibu.

Kuta zina unene wa dhiraa moja na ushei, mawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Ukuta mnene namna hiyo unachelewa kupata joto. Saa saba mchana, bondeni watu wanatafuta kivuli cha mwembe, ndani ya vyumba vile bado kuna ubaridi wa alfajiri. Veranda inazunguka pande zote nne, hivyo jua la mchana halifiki ukutani kabisa. Dari ziko juu sana, na juu ya kila mlango kuna tundu la hewa lenye mbao zilizopangwa kwa mshazari, ili joto likipanda lipate pa kutokea. Madirisha yanatazamana, upepo uingie huku utokee kule, kusi iwe au kaskazi. Jiko liko nyuma, mbali na nyumba, kwa sababu ya moto na harufu, na limeunganishwa na nyumba kwa njia iliyoezekwa ili chakula kisinyeshewe. Miimo iliyobaki ni ya mvule. Mchwa wameigusa wakaiacha.

Watu huiita nyumba ya Wajerumani, na ramani kweli ilikuwa ya kwao, bati pia lilipanda meli. Lakini chokaa haikuja na Wajerumani. Kaole, jirani na Bagamoyo, kulikuwa na msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa tangu karne ya 13; Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga, makaburi ya nguzo yalisimama kabla hata ya Vasco da Gama kupita pwani hii. Kuchoma matumbawe tanuruni, kuizimua chokaa kwa maji, kuiacha iive, kuipiga ukutani tabaka kwa tabaka: ufundi huo Mjerumani aliukuta. Anayesema nyumba ile si yetu hata kidogo aweke hilo kwenye mizani.

Sasa kuna jambo ambalo picha haionyeshi, lazima usimame pale. Ukikaa kwenye veranda ya mbele unaona kila kitu: mistari ya mkonge hadi upeo wa macho, njia ya toroli, korona (kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge), kambi. Baraza ya nyumba ya Mswahili, kule Pangani au Bagamoyo, imejengwa kwa ajili ya anayepita. Inamwambia karibu, keti, habari za safari. Baraza ya meneja inamwona anayepita kabla yeye hajaiona. Kiti ni kilekile, kazi ni nyingine.

Halafu kuna upepo. Wanaojua mkonge wanajua harufu ya korona. Katika uzito wote wa jani, singa, yaani nyuzi zenyewe, ni kama asilimia 4 tu; kinachobaki ni maji na makapi ya kijani yanayooza kwa rundo. Kambi tuliyozaliwa iko bondeni, upande ambao harufu inaelekea karibu mwaka mzima. Nyumba iko upande ambao haielekei. Sikuwahi kulifikiria hilo utotoni. Nilidhani dunia nzima inanuka hivyo. Aliyechagua kile kilima aligawa hata upepo kwa vyeo.

Namna nyumba hizi zilivyokuja inafaa kuelezwa, ingawa nitakwenda upesi. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga. Ilifika Muheza 1896 na Korogwe 1902, na mashamba yakaifuata kama siafu wanavyofuata mafuta. Novemba 1914 Waingereza walishuka Tanga na majeshi kutoka India wakapigwa vibaya, wakarudi 1916 wakaingia. Mashamba ya Wajerumani yakahesabiwa mali ya adui, yakauzwa: kwa Waingereza, Wagiriki, Wahindi, Waswisi. Vita vya pili vilipokuja na Japani ikaziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, kamba za dunia zikaitegemea Tanganyika. Vita vya Korea vikapandisha bei hadi watu wakasema Tanga kuna dhahabu. Mwaka 1964 nchi ilitoa takriban tani 230,000 za singa. Halafu nailoni na kamba za plastiki zikashika soko. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ikayachukua mashamba mengi. Kufikia miaka ya tisini mavuno yalikuwa chini ya tani 40,000 na mashamba ya umma yakaanza kubinafsishwa.

Tanga ina msemo wake, waja leo waondoka leo. Huwa tunautumia kuusifia mji na kumcheka mgeni aliyesema hatakaa. Ukiwahesabu waliolala kwenye chumba kile kikubwa cha mashariki, Mjerumani, Mgiriki, meneja wa shirika la umma aliyetoka Kilimanjaro, mwekezaji aliyekaa misimu miwili, unaona nyumba nayo imeusikia msemo huo mara nyingi. Hakuna hata mmoja aliyezikwa pale. Waliozikwa pale ni wa kambini.

Na hapo ndipo hoja ya wanaotaka kubomoa inapoanzia.

Mkonge haukukatwa na waliokuwa na hamu ya kuukata. Wakati wa Mjerumani, nguvu ilikuwa wazi: mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, wanaume walipewa kadi zilizowabana wafanye kazi siku 30 kwa walowezi katika kila miezi minne. Wakati wa Mwingereza nguvu ikavaa kanzu ya kodi. Kodi inalipwa kwa fedha, fedha iko shambani, basi utakwenda shambani. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kutafuta vibarua, SILABU, ikawa inawaleta watu kwa malori na treni kutoka Njombe, Songea, Kigoma, hadi Rwanda na Burundi. Kila mmoja na namba yake. Ndiko lilikotoka neno manamba, ambalo vijana wa leo wanalitumia kumtania mtu anayefanya kazi ngumu bila kujua kwamba babu zao waliitwa hivyo kwenye foleni ya mshahara. Kipande, ile kadi ya kazi ya kibarua, kilikuwa na siku 30 za kujaza. Siku ambayo hukumaliza mafungu yako ya majani haikuandikwa, na siku isiyoandikwa ni siku ambayo hukuishi, kwa hesabu ya ofisini.

Babu alitoka mbali, upande wa Njombe, akiwa kijana. Alikusudia kukaa mkataba mmoja. Alikuwa na kovu la mwiba wa mkonge chini ya jicho, na hata alipozeeka hakupenda kutazama kilima. Nakumbuka kwamba akipita pale, hata miaka ya themanini wakati meneja alikuwa Mtanzania mwenzake na mtu mpole, alishuka baiskeli akaikokota hadi amalize safu ya miembe. Hakuna aliyemwamuru. Mwili ulikuwa umejifunza. Mtu wa namna hiyo ukimwambia nyumba ile ni urithi wake, utamwambia kwa lugha gani?

Kwa hiyo jirani yangu anaposimama kikaoni na kusema mawe yale yalibebwa na wazee wetu, acha wajukuu wao wayakalie darasani, sioni pa kumshika. Kuna haki fulani nzuri katika hoja hiyo, kama deni linalolipwa kwa sarafu ileile. Na kuna ukweli wa kifundi ambao yeye mwenyewe haujui lakini unamsaidia: mawe yaliyojengwa kwa chokaa yanaachana salama. Ukuta wa saruji ukiuvunja unapata kifusi, ukuta wa chokaa unakurudishia jiwe zima, lisafishe kidogo ujengee tena. Nyumba ile ni machimbo yaliyopangwa vizuri.

Ila madarasa ya siku hizi yanajengwa kwa tofali za saruji kufuata ramani inayotoka juu. Mawe yataishia kwenye msingi, chini ya udongo, na mengine, tusidanganyane, kwenye misingi ya nyumba za watu wenye malori. Nimeona jinsi mabati yalivyokwenda. Hayakwenda shuleni.

Hoja kubwa zaidi dhidi ya kubomoa hakuna aliyeisema kikaoni, nami nilichelewa kuiona. Kambi imeshabomoka. Vile vyumba vya mistari mirefu, mlango, dirisha dogo, mlango, dirisha dogo, vilijengwa kwa vitu dhaifu kwa sababu vilijengewa watu wasiotarajiwa kudumu. Vilianza kuanguka mapema, na watu, kwa akili kabisa, wakajenga nyumba zao za tofali za kuchoma mahali pengine. Reli ya toroli ilishauzwa chuma chakavu. Korona imebaki zege na bolti. Nyumba ya kilimani nayo ikiondoka, hakutakuwa na kitu chochote cha kushikika cha kumwonyesha mtoto kwamba maisha yale yalikuwepo. Atabaki na neno manamba, kama tusi. Nyumba ile ndiyo shahidi mkubwa zaidi tuliye naye dhidi ya walioijenga: unene wa kuta zake ukilinganisha na wembamba wa kuta za bondeni, pale ulipo upepo na pale ulipo uvundo. Shahidi wa upande wa pili haondolewi mahakamani kwa sababu sura yake inaudhi.

Nikisema hivyo wenzetu wa utalii hufurahi, wanadhani nimehamia kwao. Bado.

Niliwahi kulala kwenye nyumba ya wageni iliyotengenezwa kutokana na nyumba ya shamba kama ile, sitasema wapi. Kazi ilikuwa safi. Kuta nyeupe, bogenvilia, viti vya ukili, sakafu imeng'arishwa kwa nta. Ukutani kulikuwa na picha za zamani: mwenye shamba na mbwa wake, mwenye shamba na gari lake, mke wa mwenye shamba amekaa kwenye veranda. Chini ya kila picha, jina. Picha moja ilikuwa na wafanyakazi wengi wamesimama mbele ya marobota ya mkonge, na chini yake palikuwa na jina la mashine. Watu hao wote, na aliyekumbukwa kwa jina ni mashine! Nilikunywa chai yangu nikaondoka asubuhi. Sikumlaumu mhudumu, kijana wa palepale, ambaye bila shaka mmoja wao alikuwa babu yake pia.

Ukarabati wa namna hiyo unaokoa ukuta na kupoteza ushahidi. Mgeni analipia kukaa kwenye kiti cha meneja, kutazama machweo yaleyale, na mtazamo ule wa kutoka juu unauzwa upya kama mandhari. Wanaotaka makumbusho wana nia njema kuliko hao, lakini mpango wao niliouona kwenye karatasi ulikuwa na chumba cha mkonge, chumba cha samani za zamani, mgahawa na maegesho. Kambi haikuwemo. Niliuliza. Nikaambiwa kule chini hakuna cha kuonyesha.

Na sheria je? Watu hupenda kusema serikali izuie. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo linahitaji waziri mhusika alitangaze. Kwa hiyo Boma la Pangani, ambalo chimbuko lake ni nyumba ya tajiri wa Kiomani wa mwaka 1810, liko ndani ya mstari. Nyumba yetu, iliyojengwa miaka mia moja baadaye, iko nje, kama zilivyo karibu nyumba zote za mkonge. La kuchekesha ni kwamba sheria hiyohiyo inazilinda milango na miimo ya nakshi ya Kiafrika au ya mashariki iliyochongwa kabla ya 1940. Ingekuwa meneja wa kwanza alipenda mlango wa nakshi kama wa Bagamoyo akaufunga pale mbele, leo mlango ungekuwa na ulinzi na ukuta unaoushikilia usingekuwa nao. Alipenda mlango wa kioo. Kambi, hata usiiulize. Hakuna mlango wa kambi uliopata kuchongwa nakshi.

Tuseme basi imeamuliwa ihifadhiwe. Hapo linaibuka jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka, na ndilo linaloua nyumba nyingi kuliko nyundo: saruji. Ukuta wa mawe na chokaa unakunywa maji ya ardhini, hauna kizuizi cha unyevu chini yake kama nyumba ya leo. Maji yanapanda ndani ya ukuta taratibu, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na plasta ya chokaa inayaachia yatoke kwa nje yakauke. Ukiupiga ukuta huo plasta ya saruji umeuziba mdomo. Maji yanaendelea kupanda, yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na chumvi iliyomo inagandia ndani ya jiwe na kulitafuna. Miaka michache baadaye plasta inavimba na kuanguka kwa vipande vikubwa, imeng'ang'ania ngozi ya jiwe.

Nyumba yetu ilipigwa saruji sehemu ya chini ya kuta, kwa nia njema, wakati wa shirika la umma. Leo ukiitazama, pale palipoachwa na chokaa ya zamani ukuta ni mzima ingawa una ukungu, na pale palipokarabatiwa ndipo palipooza. Mkoa wenyewe umekalia mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yamechimbwa na maji ndani ya mawe hayo, na viwanda vinayapika kuwa saruji na chokaa vyote viwili. Malighafi tunayo. Mafundi wanaojua kusubiri chokaa iive ndio wanaopungua, maana chokaa inakauka kwa kuvuta hewa, polepole, na hakuna mkandarasi anayelipwa kwa kusubiri.

Mtu akaniambia, basi afadhali pawe makumbusho, serikali italeta wataalamu. Sina uhakika kama makumbusho ndiyo dawa. Ninachokiona nikizunguka ni kwamba nyumba ya zamani inaishi pale inapokuwa na kazi. Boma la Pangani, pamoja na masimulizi ya kutisha ambayo wenyeji wanayo kuhusu watumwa waliozikwa hai chini ya nguzo zake, limedumu kwa sababu halikuacha kuwa ofisi: watu wanaingia na makaratasi, mtu anaona bati linavuja, analalamika, linazibwa. Amani, kule juu milimani, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Baadaye watafiti wa malaria wakakihamia, na nyumba nyingi za wataalamu zikaendelea kuwa na mtu, taa na mfagio. Boma la Bagamoyo la mwaka 1897, jengo zuri kuliko yote mawili, sehemu yake iliporomoka baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mvua ilinyesha kote. Tofauti ni kama kuna mtu ndani anayesikia tone la kwanza likidondoka.

Kwa hiyo kama ni mimi ningeamua, na bahati nzuri sitaamua peke yangu, nyumba ya meneja ningeipa kazi ya kawaida kabisa. Wakulima wadogo wa mkonge wanaorudi kwenye zao hili kupitia AMCOS, vyama vyao vya ushirika, wanahitaji ofisi, stoo, ukumbi wa mikutano. Wakae wao kwenye ile veranda. Nina furaha kidogo ya kisasi, nakiri, nikifikiria mkutano wa wakata mkonge ukifanyika kwenye chumba cha chakula cha meneja, lakini hata bila kisasi ni matumizi yenye akili: watu walewale wana sababu ya kuziba paa. Nta na bogenvilia havihitajiki. Chokaa inahitajika, na mtu mmoja wa kuondoa majani kwenye mifereji kabla ya mvua.

Ila nisingeanzia pale. Hapa ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili, na ndipo kikaoni nilipokosa wa kuniunga mkono isipokuwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amekaa mlangoni. Nyumba ya kilimani inaweza kungoja. Ikipata bati upande ule mmoja, kuta zake zitasimama hadi wajukuu zetu nao wagombane. Isiyoweza kungoja ni kambi. Wanaosema kule chini hakuna cha kuonyesha hawajashuka. Kuna mstari mmoja umebaki, vyumba vinne vimeshikana, vitatu havina paa. Kuvirudishia paa na milango, na kusafisha zege la korona lionekane, ni gharama ndogo mno ukilinganisha na dirisha moja tu la kule juu likitengenezwa kama lilivyokuwa. Mgeni, akija, aingizwe kwanza chumba hicho, akae ndani saa nane mchana, milango imefungwa, ahesabu ni watu wangapi wangelala hapo. Ndipo apandishwe kilimani. Akifika kwenye ubaridi wa zile kuta hatahitaji maandishi ya ukutani.

Walionipinga walisema fedha zikipatikana ziende kwanza kwenye jengo linaloonekana kutoka barabarani. Ni hoja ya biashara, ina mantiki yake, na nadhani ndiyo itakayoshinda.

Juzi nilishuka tena bondeni na shangazi. Kwenye chumba chenye bati bado kuna namba, imepakwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango, 14. Shangazi alisema cha kwao kilikuwa 16, akanionyesha: mti wa mpera umeota katikati ya sakafu, una matunda. Tulichuma mawili. Bati la namba 14 limeliwa na kutu pembeni, misumari miwili inalishika, na masika hayako mbali.